Kukaa Karibu na Bromini

Nianze na hasira, kwa sababu ndiyo iliyofika ya kwanza. Wakati ule mutoto wangu alikuwa bado mudogo kabisa, ananyonya kama mutu anayelipwa kwa kazi hiyo, na mimi nilikuwa na njaa ya watu wawili. Na kila mchana, mbele ya macho yangu, nusu ya samaki yangu ilikuwa inaondoka kwenye bakuli kwa mukono wa shangazi ya bwana yangu.

Nitaeleza bakuli kwanza. Bila bakuli hamutaelewa kemia, na bila kemia hamutaelewa kwa nini leo ninacheka.

Tunakaa Nchelenge, karibu na ufuko, pale wanawake wanapoanika chisense. Chisense ni samaki wadogo wadogo kama kidole cha mutoto. Unawatandaza kwenye nyavu kuukuu, jua linafanya kazi, wewe unafukuza kuku. Sisi wa kiwanja kimoja tulikuwa wanawake watano, tunaanika pamoja, na wanaoanika pamoja wanakula pamoja. Bakuli moja la wakubwa huku, bakuli moja la watoto kule, na katikati sufuria ya bukari, ugali wetu, juu ya jiko la mbabula, makala yanawaka polepole. Mwenye zamu ya kupika anachota huku, anachota kule. Wakubwa watano, watoto watano, sufuria moja. Kila mutu anakula pande yake. Ukimuuliza mumoja wetu chakula kilikuwa namna gani, jibu lake lilikuwa jibu la wote.

Kisha mumoja akapata shamba Mantapala. Akafunga mizigo, akabeba jembe na kuku, akaenda. Tukamulilia kidogo, maana ndiye aliyejua kupika majani ya mihogo.

Pahali pake akakuja tantine.

Tantine ni dada ya baba ya bwana yangu. Alivuka ziwa na mashua ya wafanyabiashara, kiti chake kifupi cha muti kichwani, akakishusha pale pale palipobaki wazi, akakaa. Hakuomba ruhusa, na hakuna aliyetegemea ataomba. Mimi mukamwana, muke wa mutoto wa kaka yake, nilipaswa kukaa kuume kwake, juu ya kumumwagia maji ya kunawa. Hiyo ni desturi, haina majadiliano. Kushoto kwake alikaa jirani yangu mumoja, mama munene wa kucheka. Wawili wengine walikaa ng'ambo ya bakuli.

Sasa musikilize sheria ya mikono. Kwetu mukono wa kuchukua hauvuki bakuli. Unachukua mbele yako, na kama uko mukubwa unaweza kuchukua mbele ya mutu wa karibu yako, naye atanyamaza. Lakini kunyoosha mukono mupaka ng'ambo ili uchukue, hiyo ni aibu, hata mulevi haifanyi. Mukono wa kutoa, huo unaweza kuvuka. Unaweza kumurushia mutu wa ng'ambo kipande kizuri, na watu watasema, aa, huyu ana moyo.

Tantine alijua sheria hiyo vizuri sana. Alikuwa anakata samaki yangu katikati kwa vidole viwili, polepole, kama mutu anayefungua barua, na huku anaendelea kuzungumuza habari za ng'ambo. Nilikuwa ninaangalia kichwa cha mpale kinaondoka. Mpale ni samaki mupana wa ziwa letu, na kichwa chake ndicho chenye mafuta, ndicho kinacholeta maziwa. Kinaondoka. Mimi namwaga maji ya kunawa na kusema, "Karibu, tantine."

Ndivyo nilivyokuwa ninaishi mudogo wangu alipofika.

Mudogo wangu ni mwanamuke wa masomo, na mimi dada yake mukubwa ananiita yaya. Tulivuka ziwa pamoja, yeye akiwa bado mutoto wa mashavu manene, mimi niko mwaka wa mwisho wa sekondari, upande wa biolojia na kemia, mutihani wa serikali uko karibu. Mutihani huo sikuufanya. Watu hawangoji mutihani wakati risasi zinalia. Kule kambini Kenani, ndani ya mahema, yeye alikuwa anajifunza Kiingereza kwa kusoma maneno ya kwenye mifuko ya unga na makopo ya mafuta, anasoma kwa sauti kama muhubiri. Shule za hapa zikamupokea, kisha chuo kikuu, huko kwenye miji ya migodi. Mimi nikapata bwana, nikapata mutoto, nikapata chisense. Juu ya hiyo nina hasira pia, lakini si juu yake. Yeye alisoma kwa akili yake.

Alikuja na begi moja na uso mubaya. Jirani mumoja wa ng'ambo ya bakuli alikuwa ameenda Mansa kumuangalia binti yake aliyejifungua, basi mudogo wangu akapewa pahali pake. Alikula. Alishukuru. Kisha akaingia ndani, akalala kwenye mukeka na kuangalia bati.

Nikamufuata, mutoto ananyonya. "Nani amekufa?"

"Hakuna, yaya."

"Uko na mimba?"

"Yaya!"

"Basi sema."

Akakaa. "Ijumaa ninasimama mbele ya maprofesa. Kwa simu, juu mumoja yuko inchi ya mbali. Ninaeleza kazi yangu ya mwaka wote. Na kuna kitu kimoja ndani sikielewi. Nikishindwa, ninarudia mwaka. Na bale banalipa masomo yangu habalipi mwaka wa kurudia. Inakwisha."

"Inakwisha namna gani?"

"Ninakuja kufukuza kuku pamoja na weye."

Nilimuangalia. Nilitaka kumupiga na kumukumbatia kwa pamoja. Nikasema, "Kuku wangu hawakutaki. Eleza hicho kitu."

Akanieleza, nami nitawaeleza kwa namna niliyoelewa, mwenye kujua zaidi anisamehe ama aandike yake.

Kuna dawa inaitwa feroseni, rangi yake ya machungwa. Ndani yake kuna atomi moja ya chuma, na huku na huku ya chuma kuna duara mbili za kaboni, kila duara ina kaboni tano, kila kaboni imeshika hidrojeni moja. Hidrojeni zote ziko sawa. Kazi ya mudogo wangu ilikuwa kuondoa hidrojeni moja katika duara moja na kuweka kitu kingine pahali pake, halafu kuangalia zile zilizobaki zinajisikia namna gani.

"Utajuaje hidrojeni inajisikia namna gani?" nikamuuliza. "Inalia?"

"Ni kama inalia. Kuna mashine, inaitwa NMR. Ni sumaku kubwa sawa tanki ya maji. Kwetu chuo haiko, tunatuma dawa Afrika ya Kusini, ndani ya kachupa kembamba sawa kalamu ya bic, na picha inarudi kwenye simu. Sumaku inaiuliza kila hidrojeni: umefunikwa namna gani? Elektroni njo bulangeti yake. Kila hidrojeni inajibu, na kompyuta inachora jibu kama kilima. Yenye bulangeti nzito, kilima chake kinaenda kuume. Iliyovutwa bulangeti, kilima chake kinaenda kushoto."

Akanionyesha picha. Mustari mumoja, na vilima vyembamba kama miiba ya samaki.

"Sifuri iko wapi?"

"Huku, kuume."

"Kuume? Kwa hiyo namba zinakua kwenda kushoto?"

"Ndiyo."

"Nani alipanga vile?"

"Bazungu ba zamani."

"Walikuwa wamelewa."

Akacheka kwa mara ya kwanza. Kisha akaendelea. Alipoweka kitu chenye kuvuta elektroni, vilima vyote vya duara ile vilienda kushoto, vya karibu zaidi, vya mbali kidogo. Vizuri. Alipoweka kitu chenye kutoa elektroni, vilienda kuume. Vizuri. Halafu akaweka bromini. Hidrojeni mbili za karibu na bromini zilienda kushoto, kama zimevuliwa bulangeti. Na mbili za mbali zilienda kuume, kama zimeongezewa.

"Kitu kimoja," akasema, "hakiwezi kuvuta na kutoa kwa pamoja. Ni wazimu. Nikajua dawa yangu ilichafuka. Na ninajua na nini."

"Na nini?"

Akageuza uso ukutani.

"Na nini?"

"Na chisense yako, yaya. Ile uliyonitumia. Kabla ya kutuma dawa niliweka kachupa ndani ya begi pamoja na mufuko wa samaki. Kizibo hakikufunga vizuri. Nikamwambia profesa: ni mafuta ya samaki."

Mungu wangu. Nilitandaza samaki wale kwa mikono yangu, nikawakausha, nikawafunga kwa upendo, nikamutumia mudogo wangu asife njaa, na sasa wako mbele ya maprofesa wanashitakiwa.

"Na profesa alisema nini juu ya samaki yangu?"

"Alitengeneza dawa ingine yeye mwenyewe, safi, akatuma. Picha ikarudi ile ile. Akaniambia: samaki hana kosa, tafuta sababu. Ukikuja Ijumaa na jibu la samaki, sitakutetea."

"Mutu muzuri, profesa huyo," nikasema. "Ananielewa."

Siku zilizofuata alisoma mupaka macho yakawa mekundu. Alikuwa na vitabu ndani ya simu, na simu ilikuwa inakufa kila mara, tunaipeleka kuchajisha kwa muuza soda. Maneno aliyajua yote. Alinisimulia kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, akaongeza maneno ya Kibemba pale Kiswahili kilipomuishia. Lakini alikuwa anasema kama mutoto wa katekisimu: jibu liko, mutu hayuko ndani yake. Kitabu kilisema bromini inavuta kwa njia moja na inatoa kwa njia ingine. Yeye alikuwa anasoma mustari huo na kusema, "Sawa, lakini namna gani? Juu ya nini mbili hizi zinavutwa na zile zinapewa?" Mimi nilikumbuka kidogo elektroni za sekondari, nikamuuliza maswali ya kijinga, akanijibu kwa uvumilivu, na uvumilivu wake ukaniudhi zaidi.

Basi Jumatano tukala mpale. Samaki mumoja kwa kila mutu, siku kubwa. Nilikuwa nimejiapia: leo kichwa hiki ni changu. Nikanawisha watu mikono. Nikakaa. Tantine akauliza, "Mukamwana, mutoto amelala?" Nikageuka kumuangalia mutoto mugongoni. Niliporudisha macho, samaki yangu alikuwa hana kichwa.

Kichwa kilikuwa kinavuka bakuli hewani. Kikatua mbele ya mudogo wangu.

"Kula, mwanangu," tantine akasema. "Masomo inakausha mutu."

"Aksanti sana, tantine," mudogo wangu akasema, na akakifyonza mupaka mufupa wa mwisho.

Tulipoingia ndani, nilitaka mutu wa kunihurumia. Na huyo mutu akasema hivi: "Yaya, kwa kweli umepata bahati. Tantine yule ana moyo muzuri."

"Nani?"

"Tantine. Tangu nifike ananipa tu."

Nilimuweka mutoto chini juu ya kitambaa, kwa sababu nilihitaji mikono yote miwili. "Ana moyo? Yule ni mwizi! Ni kunguru mwenye kilemba!"

"Yaya, sikia! Leo amenipa kichwa kizima..."

"Kichwa changu!"

"Jana alinipa..."

"Changu! Unafikiri vilitoka wapi, viliruka ziwani? Mimi ninanyonyesha, wewe unanenepa, na unamuimbia sifa!"

"Lakini kwangu hajachukua kitu hata siku moja!"

"Juu uko ng'ambo! Mukono wake haufiki kwako kuchukua! Unafika kwangu! Kwako unafika kutoa!"

Nilikuwa ninalia sasa, kwa hasira, na mutoto akaanza kulia kwa kunisaidia. Nikangoja mudogo wangu anijibu. Alikuwa amesimama na mudomo wazi.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini? Kwamba ni mwizi?"

"Hapana. Ya mwisho."

"Mukono wake wa kuchukua haufiki kwako. Unafika kwangu tu."

Akatoka nje bila viatu. Nilimuona kwa dirisha anamuendea jirani munene, yule wa kushoto kwa tantine, aliyekuwa anageuza chisense. Nikasikia sauti ya jirani, maana huyo hajui kunong'ona: "Yule mama? Eee! Tangu akuje, mimi ninakula miiba. Naweka mukono mbele ya mboga yangu, yeye anapita chini ya mukono!" Kisha mudogo wangu akaenda kwa yule mwingine, aliyekuwa akikaa ng'ambo pamoja naye. Huyo akasema, "Tantine? Ninamuombea kwa Mungu siku nyingi. Anatulisha." Mwisho akawauliza watoto. Mukubwa wao akakuna kichwa, akasema hajaona mabadiliko, bukari ni ile ile.

Akarudi anakimbia, akachukua kipande cha makala na kuchora ukutani kwangu. Ukuta nilioupaka chokaa kwa Pasaka! Duara huku, duara kule, katikati chuma.

"Yaya, angalia. Zamani mulikuwa watano, wote sawa: kilima kimoja. Mumoja ameenda Mantapala, pahali pake amekuja tantine. Sasa mumebaki wane, lakini hamuko tena sawa. Wawili wa karibu, weye na mama munene. Wawili wa mbali. Na watoto, duara ya pili, ng'ambo ya sufuria, habasikii kitu."

"Kwa hiyo tantine njo bromini."

"Njo yeye! Bromini inapenda elektroni kuliko kaboni. Inavuta kupitia kile kilichofungwa nayo, na mukono ule wa kuvuta ni mufupi: unafika kwa jirani, ukienda mbele unachoka. Lakini bromini ina elektroni zake zingine, mbili mbili, hazijafungwa na mutu. Zile inaziingiza ndani ya duara, na mukono ule wa kutoa ni murefu, unafika ng'ambo. Kwa weye, kuvuta kunashinda kutoa: unaenda kushoto. Kwangu, kutoa kunashinda: ninaenda kuume. Mutu mumoja! Kazi mbili! Hakuna uchafu!"

"Na kichwa cha samaki?"

"Kichwa cha samaki njo elektroni."

"Si hiyo ninayouliza. Ninauliza kitarudi lini."

Hakunisikia. Alikuwa anazunguka chumba akipiga makofi. Kisha akasimama, akakunja uso. "Lakini tantine anatoa kile alichochukua kwako. Bromini inatoa za kwake. Hapo bakuli inadanganya. Na chuma pia. Sufuria yetu inakaa tu, lakini chuma inachukua na inapeana. Lazima niseme hiyo." Akakaa na simu, akafungua jedwali lenye namba mbili kwa kila kitu, namba ya kuvuta na namba ya kutoa, akaanza kupima vilima vyake vyote upya. Vilikaa karibu na mustari mumoja, kama wanawake wanaongoja maji. Alikuwa anacheka peke yake. Mimi nilirudi kwa kuku wangu, bado nina njaa.

Ijumaa tulifagia nyumba. Simu tuliiegemeza kwenye mufuko wa unga, kwa sababu ndipo mutandao unapoingia vizuri. Watoto walikatazwa kupumua. Tantine aliposikia kwamba mutoto wa watu anajaribiwa na wakubwa, hakuuliza ni juu ya nini. Alichukua kiti chake na mwiko wa bukari, akaketi mulangoni. Mbuzi alipokuja, alipigwa. Muuza mandazi alipoanza kuita, tantine alimuambia aondoke, kwa Kiswahili, na yule ni Mubemba asiyejua Kiswahili isipokuwa namba, lakini alielewa akaenda.

Mimi nilikaa nyuma ya pazia, ninamunyonyesha mutoto. Kiingereza changu ni cha soko, lakini sauti ya mutu anayetetemeka haina lugha. Alianza vizuri. Akaonyesha picha. Sauti za maprofesa zilikuwa zinakatika, zinarudi. Kisha mugeni, yule wa inchi ya mbali, akauliza kitu, na nikasikia neno bromini, na neno lingine ambalo nilijua lazima ni uchafu.

Mudogo wangu akajibu. Nilitambua: katekisimu. Maneno ya kitabu, moja nyuma ya lingine, haraka haraka.

Mugeni akamukata. Hata mimi nilielewa: "Don't read to me. Why?"

Nilihesabu pumzi za mutoto. Niliona, kwa tundu la pazia, mabega ya mudogo wangu yanapanda. Nikafikiri: anakuja kufukuza kuku. Na pale nikajua kwamba sitaki, sitaki kabisa, kwamba katika hasira zangu zote hiyo ndiyo nisingeweza kuibeba.

Akasema, "Sir, at home we eat from one bowl."

Akawaeleza yote. Watano, tantine pahali pa mumoja, mukono mufupi wa kuchukua, mukono murefu wa kutoa. Alichora kwenye karatasi na kuionyesha kwa simu. Akasema wapi bakuli inadanganya. Akaonyesha namba zake na mustari. Simu ikanyamaza, nikafikiri mutandao umekufa, kisha ikaanza kutoa kelele mbaya, na kelele ile ilikuwa ni watu wanaocheka.

Mugeni akauliza, na hii niliielewa neno kwa neno: nani anakaa karibu na shangazi?

"My elder sister, sir."

Na yeye anajisikia namna gani?

"She is very angry, sir."

Wakacheka tena. Profesa wake akasema kwamba bakuli halijui mambo ya chuma, kwamba aandike hiyo vizuri na kurekebisha ukurasa fulani. Halafu wakamuambia atoke, tukatoka wote mbele ya simu, tukangoja pembeni kama watu wa hospitali. Walipomuita tena, neno lilikuwa fupi. Amepita.

Nilipiga kigelegele hata mutoto akaachia ziwa. Tantine akaingia na mwiko juu. "Amepita?"

"Amepita, tantine!"

Wakakumbatiana. Kisha tantine akanigeukia. "Na kule ndani ya simu bale bakubwa balikuwa banacheka nini?"

Mudogo wangu akanifanyia macho: nyamaza. Lakini mimi sikuzaliwa na mudomo wa kunyamaza, nilikuwa nimeuazima tu kwa ajili ya ndoa, na muda wake ulikuwa umekwisha.

"Walikuwa wanacheka weye, tantine."

"Mimi?"

"Weye. Juu unachukua samaki ya mutu wa karibu yako na unawapa watu wa ng'ambo. Mudogo wangu amewaeleza. Sasa inajulikana mupaka ng'ambo ya bahari."

Jirani munene, aliyekuwa amefika kwa ajili ya kigelegele, akashika kichwa. Tantine akaketi chini polepole. Aliniangalia kama mutu anayeangalia mbuzi aliyesema.

"Sasa nichukue kwa nani?" akauliza, na hakuwa anachokoza, alitaka kujua. "Kwa mugeni? Niko na nini hapa kwenu, mimi? Nilikuja na kiti. Mutu akikaa karibu yangu, huyo ni wangu. Nikitaka kumupa mugeni kitu kizuri, ninakitoa kwa wangu. Mama yangu alikuwa anafanya vile. Alikuwa ananinyima mimi, mutoto yake, anawapa bajirani, na nilikuwa najua ananipenda."

"Tantine, wako ananyonyesha!"

Akaangalia mutoto. Akaangalia kifua changu. Mudomo wake ukafunguka.

"Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema namna gani? Niko mukamwana!"

"Sasa leo umesema namna gani?"

Jirani munene ndiye aliyeanza kucheka, tumbo lake likaanza kabla ya mudomo, na tantine akafuata, anajipiga paja kwa mwiko. Mimi nilijaribu kubaki na hasira yangu kidogo, maana niliizoea. Haikukaa.

Jumamosi bwana yangu alirudi kutoka Mununga na mpale wakubwa. Tulipika kwa sherehe. Watoto wakapata bakuli lao, bukari ile ile. Nikachukua maji ya kunawa, nikaelekea pahali pangu.

"Hapana," tantine akasema. "Weye mwenye maziwa, kaa kule ng'ambo. Lete maji hapa." Akapiga mukeka kuume kwake na kumuita mudogo wangu. "Kuja, profesa yangu. Leo weye ni wangu. Kaa karibu."

Mudogo wangu akang'aa kwa heshima hiyo. Alimumwagia tantine maji, akakaa, akaweka samaki yake vizuri mbele yake, kichwa kikielekea kwake. Tulisali. Tantine akamuuliza kama kule chuo wanasali kabla ya kula, naye akageuza uso kumujibu, kwa heshima, kwa urefu.

Kichwa kilivuka bakuli na kutua mbele yangu, kinatoa moshi.

Mudogo wangu aliangalia pahali kilipokuwa. Akaangalia mukono wa tantine. Akaniangalia mimi.

"Yaya," akasema, "nimeenda kushoto."

Sikumujibu. Nilikuwa na mudomo umejaa.